Somo: Nyumba ya Levi na Catharine Coffin, Familia Iliyofungua Mlango



Katika nchi yetu, watu wanapokimbia vita, wengi hawaendi kambini. Wanabisha hodi kwenye nyumba ya ndugu, ya rafiki, au ya mtu wasiyemjua kabisa. Ilikuwa hivyo mwaka wa 1996, ikawa hivyo tena mwaka wa 2012. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, mapigano yalipofika Goma na Bukavu na kambi nyingi zilizozunguka Goma zikavunjwa, watu walitawanyika tena na mizigo yao kichwani, wakitafuta mlango wa kubisha. Kwa hiyo tumeona vema kuleta somo juu ya nyumba moja ya zamani na familia iliyokaa ndani yake. Nyumba hiyo iko mbali sana na sisi, lakini mambo yaliyotokea ndani yake tunayajua vizuri.

KUSUDI LA SOMO

Mwishoni mwa somo hili, kila mmoja wetu aweze: (1) kueleza namna familia moja yenye sifa na mali ilivyotumia nyumba yake kulinda watu waliokimbia, (2) kuona kwamba kazi ya kupokea haifanywi na mtu mmoja, (3) kuzungumza bila kuficha juu ya uchovu, hofu na wivu vinavyoingia kati ya wenyeji na wahamiaji.

1. NYUMBA YENYEWE

Nyumba hiyo iko Marekani, katika jimbo la Indiana, kwenye kijiji kinachoitwa leo Fountain City. Zamani kijiji hicho kiliitwa Newport. Ilijengwa mwaka wa 1839 kwa matofali. Ina orofa mbili na vyumba minane, na chini yake kuna jiko na kisima cha maji. Kwa macho ya mpita njia ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara tu, iliyosimama kando ya barabara kubwa. Haikujificha porini.

Lakini mtu akiingia ndani anaona mambo mengine. Katika chumba kimoja cha juu kuna mlango mdogo sana ukutani, chini ya mteremko wa paa. Kitanda kikisukumwa mbele ya mlango huo, hauonekani tena. Nyuma yake kuna nafasi nyembamba ndefu, na husemwa kwamba watu 14 waliweza kujibana humo. Wanaoitunza nyumba hueleza pia sababu ya kisima kuwa ndani: nyumba ya watu wachache ikichota ndoo nyingi kila siku, jirani atauliza maji hayo ni ya nani. Kisima kikiwa ndani, hakuna anayehesabu ndoo.

Mama zetu wanaopokea wahamiaji watafahamu jambo hili upesi. Siri ya nyumba haitoki kwa maneno peke yake. Inatoka kwa ndoo za maji, kwa moshi wa jiko, na kwa wingi wa fufu inayosongwa jioni.

2. WATU WALIOKAA HUMO

Levi Coffin alizaliwa mwaka wa 1798 katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Huko watu weusi walikuwa watumwa, wakiuzwa na kununuliwa kama ng'ombe. Wazazi wake walikuwa watu wa Kanisa la Marafiki, kanisa linalokataa vita na silaha. Kanisa hilo linajulikana pia Kenya, Burundi, na hata kwetu upande wa Kivu ya Kusini.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa na miaka karibu saba aliona msafara wa watumwa waliofungwa minyororo ukipita barabarani. Baba yake aliwauliza kwa upole kwa nini wamefungwa. Mmoja akajibu kwamba wametengwa na wake zao na watoto wao, na wamefungwa ili wasitoroke kurudi kwao. Mtoto Levi akajiuliza moyoni itakuwaje kama baba yake angechukuliwa vile. Ulizo hilo halikumtoka tena.

Sisi watu wa Maniema na wa pande za Ziwa Tanganyika tusione hadithi hii kuwa ya wageni tu. Katika karne hiyohiyo ya 19, misafara ya watumwa ilitoka Nyangwe na Kasongo kuelekea pwani, na babu zetu walitembea katika minyororo ya namna hiyo.

Mwaka wa 1821 Levi na binamu yake walifungua shule ya Jumapili ili watumwa wajifunze kusoma Biblia. Mabwana wa watumwa wakakataza, na shule ikafa. Mwaka wa 1824 Levi akamwoa Catharine White, na mwaka wa 1826 wakahamia Newport, katika Indiana, jimbo ambalo katiba yake ya mwaka wa 1816 ilikataza utumwa. Kwa hiyo tukumbuke kwamba familia hii nayo ilijua kuhama na kuanza maisha upya mahali pa ugeni.

Levi akafungua duka. Kisha akaongeza kazi ya nyama ya nguruwe na kinu cha kukamua mafuta ya kitani. Biashara ikakua, naye akawekwa kati ya wakurugenzi wa tawi la benki ya jimbo katika mji wa karibu wa Richmond. Hivyo akawa mtu mkubwa wa mahali pale, mtu ambaye wengine walimhitaji.

3. NAMNA MLANGO ULIVYOFUNGULIWA

Mto Ohio ulikuwa mpaka. Upande wa kusini, Kentucky, kulikuwa na utumwa. Upande wa kaskazini, Indiana na Ohio, haukuruhusiwa. Lakini mtumwa aliyevuka mto hakuwa salama, kwa sababu sheria ya taifa ya mwaka wa 1793 ilimruhusu bwana wake kumfuata na kumrudisha. Mtu aliyemficha angeweza kutozwa faini ya dola 500, na hiyo ilikuwa feza nyingi sana. Mwaka wa 1850 sheria ikakazwa: faini ya dola 1,000 pamoja na kifungo cha miezi sita. Kwa hiyo waliokimbia walitafuta kufika Kanada, iliyokuwa chini ya Waingereza, ambako utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1834. Njia za siri walizopitia, kutoka nyumba hadi nyumba, zikaitwa Reli ya Chini ya Ardhi, ingawa hapakuwa na reli wala gari la moshi. Reli yenyewe ilikuwa ni watu.

Watu wa kwanza kuwapokea wakimbizi pale Newport hawakuwa akina Coffin. Walikuwa familia za watu weusi huru, ambao wengi wao walitoka katika watu walioachiliwa na Marafiki wa North Carolina. Wao wenyewe hawakuwa na mali wala usalama. Wawindaji wa watumwa walijua kwamba mkimbizi mweusi atatafutwa kwanza katika nyumba za weusi, na kwa hiyo wengi walikamatwa humo. Levi alipoona hivyo akasema wazi kwamba nyumba yake iko tayari. Kipindi cha baridi cha 1826 na 1827, wakimbizi wakaanza kufika kwake.

Jambo hili tuliangalie vizuri, kwa sababu katika masimulizi mengi tajiri hutajwa na maskini husahauliwa. Kwetu pia, mlango wa kwanza kufunguka mara nyingi ni wa mtu mwenye chumba kimoja. Levi Coffin anastahili sifa kwa sababu aliona kwamba maskini wamebeba mzigo kuliko nguvu zao, naye akaweka bega lake.

4. KAZI ILIGAWANYWA

Wakimbizi walifika usiku. Palisikika kugonga polepole mlangoni, Levi akashuka bila taa, akawaingiza, akafunika madirisha. Catharine akaamka, akawasha moto, akapika. Kwa maelezo ya Levi, hawakujua kamwe ni usiku gani watabishiwa. Wengine walifika wamevaa matambara, wengine wagonjwa, wengine miguu imeumizwa na baridi. Walikaa hadi wapate nguvu, mara siku chache, mara majuma mengi. Wakimbizi wakamwita Catharine Shangazi Katie.

Siku moja mabehewa mawili ya farasi yalifika yakiwa na wakimbizi 17 kwa mara moja, wanaume na wanawake. Wakalishwa wote, wakapumzika, wakapelekwa mbele. Kisha habari ikaja kwamba kundi la watu wa Kentucky linawafuata. Levi akatuma mjumbe juu ya farasi awafikie na kuwatawanya katika nyumba mbalimbali hadi hatari ipite. Hawakukamatwa.

Levi aliandika kwamba kila mwaka walipokea, kwa wastani, zaidi ya watu 100. Kwa miaka 20 ya kukaa Newport, hesabu inayotolewa ni watu karibu 2,000. Je, familia moja inaweza kulisha, kuvika na kusafirisha watu wote hao peke yake? Hapana. Majirani wengi waliogopa kulaza mkimbizi chini ya paa lao, lakini walipoona Levi hatetemeki, wakapata moyo wa kufanya sehemu nyingine ya kazi. Wanawake wa kijiji walikutana kushona nguo za wakimbizi. Wengine walitoa viatu, wengine farasi na magari. Wengine walikaa wakisikiliza habari za barabarani na kuleta onyo.

Hapa kuna fundisho kubwa kwa viongozi. Levi hakuwahukumu majirani waliokuwa na hofu. Hakusema, "Asiyelaza mtu ni mwoga." Alipokea kile ambacho kila mmoja aliweza kutoa. Kwa njia hiyo kijiji kizima kikaingia katika kazi, hata wale ambao hawakuweza kufungua mlango wao.

5. GHARAMA

Tusidhani kwamba mambo yalikuwa rahisi. Kwanza, ndugu na majirani walimwendea Levi wakamshauri aache. Walimwambia anaihatarisha biashara yake, mke wake na watoto wake. Aliwasikiliza. Kisha akawakumbusha mfano wa Msamaria Mwema, akaendelea. Pili, wateja wengine waliacha kununua dukani mwake, na kwa muda biashara ikayumba. Baadaye watu wapya walihamia pande zile, wateja wakaongezeka tena. Tatu, wawindaji wa watumwa walitishia kuchoma nyumba na kumuua.

Alijilindaje? Hakuweka bunduki ndani ya nyumba, kwa sababu imani yake haikuruhusu. Alikuwa na ngao tatu. Ya kwanza ni kujua sheria: aliyetaka kupekua nyumba ya mtu alipaswa kuleta karatasi ya mahakama, na Levi alijua kuiuliza. Ya pili ni jina lake: waliowapenda wawindaji walikuwa pia watu waliohitaji mkopo wa benki, wakafikiri mara mbili kabla ya kumgusa mkurugenzi. Ya tatu ni majirani: nyumba iliyozungukwa na watu wanaoipenda haivamiwi kwa urahisi.

Sifa na mali ni kama mwavuli. Mtu mmoja anaufungua ajifunike peke yake. Mwingine anaufungua na kuwaita walioloa. Familia hii ilifanya hivyo, na kwa sababu hiyo tunataja jina lake leo.

6. HATA WATU WA AMANI WALIGAWANYIKA

Ukweli mwingine ni wa uchungu. Marafiki wote walisema kwamba utumwa ni vibaya, lakini hawakupatana juu ya njia. Wengine waliona kazi ya Levi na wenzake inaleta vurugu na kuchafua jina la kanisa. Mwaka wa 1843 kanisa la Indiana likapasuka, na akina Coffin wakawa upande wa wale walioanzisha mkutano wao wenyewe wa kupinga utumwa. Miaka mingi ikapita kabla ya mpasuko huo kupona.

Tunataja jambo hili kwa sababu hata katika kamati zetu za amani kuna mabishano ya namna hiyo. Mmoja anasema tunyamaze ili tusilete matata. Mwingine anasema kunyamaza ndiko kunakoua. Mabishano si dhambi, ikiwa watu wanakumbuka kwamba mlangoni kuna mtu anayengoja jibu, na baridi inampiga.

7. MAFUNZO KWETU

Kwanza, tofauti moja. Levi na Catharine walivunja sheria mbaya ili kulinda watu. Anayepokea wahamiaji wa vita leo havunji sheria, kinyume chake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka wa 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, na Mapatano ya Umoja wa Afrika yaliyokubaliwa Kampala mwaka wa 2009 na kuanza kutumika mwaka wa 2012, yote yanasema kwamba aliyehama kwa nguvu anabaki raia mwenye haki zote. Kiongozi anayesema "wahamiaji hawana neno hapa" anakosea. Lakini mlango unafunguliwa kwa raia. Mwenye silaha akitaka kulala katika nyumba ya wahamiaji, anawaletea mauti wote waliomo. Nyumba ya makimbilio ni nyumba isiyo na bunduki.

Kwa familia zinazopokea: Uchovu si aibu. Mtu anayegawa sahani moja ya sombe kati ya watoto wake na watoto wa wengine kwa miezi sita atachoka. Uchovu ukifichwa unageuka kuwa maneno makali jikoni, na maneno makali yanageuka kuwa chuki ya kabila. Afadhali kusema mapema kwa wazee: "Tumefika mwisho wa nguvu, tusaidieni." Catharine hakushona nguo zote peke yake.

Kwa wahamiaji: Wakimbizi wa Newport hawakuwa mizigo ya kubebwa tu. Wao ndio waliovuka mto usiku na watoto mgongoni, na ndio waliojua njia. Nawe uliyepokelewa, una akili na mikono. Kuchota maji, kulinda watoto, kulima pamoja, kuzungumza kwa adabu na mwenye nyumba, hayo yote ni sehemu ya amani. Msaada ukifika kwa jina lako, kumbuka waliokulisha kabla msaada haujafika. Wivu mwingi kati ya wenyeji na wahamiaji huanza siku ile ya kugawa unga.

Kwa viongozi: Jina lako ni mwavuli. Usingoje watu wote wawe jasiri. Tafuta kazi ndogo kwa kila mmoja: huyu atoe kipande cha shamba, huyu mkeka, huyu habari za usalama. Angalia pia nani amefungua mlango wa kwanza, ili maskini asilemewe wakati nyumba kubwa zimefungwa.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani aliyekuwa wa kwanza kupokea wahamiaji katika mtaa wetu? Je, amewahi kushukuriwa mbele ya watu?
2. Majirani wa Newport waliogopa, lakini walipata kazi ya kufanya. Sisi tunaweza kuwapa kazi gani wale wenye hofu?
3. Wenyeji waseme: jambo gani linawachosha zaidi? Wahamiaji wasikilize bila kujibu. Kisha wahamiaji waseme, na wenyeji wasikilize.
4. Kama mtu wa kabila ambalo tunaliogopa akibisha usiku na mtoto mgonjwa, tutafanya nini? Kila mmoja ajibu kwa ukweli, bila kuchekwa.
5. Katika mtaa wetu, nani ana jina linaloweza kuwa mwavuli? Nani atakwenda kumwambia?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kitembelee nyumba mbili: moja inayopokea wahamiaji na moja isiyopokea. Msiende kuhesabu makosa. Katika ya kwanza, ulizeni nini kinapungua. Katika ya pili, ulizeni nini wanaweza kutoa. Mlete majibu, tuyaunganishe.

MWISHO WA HADITHI

Mwaka wa 1847 akina Coffin walihamia mji wa Cincinnati, ambako Levi alifungua ghala la bidhaa ambazo hazikutengenezwa kwa jasho la watumwa. Nyumba yao ya huko pia ilipokea wakimbizi. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka wa 1865. Levi akaendelea kutafuta misaada kwa walioachiliwa huru, hata akasafiri hadi Uingereza kwa kazi hiyo. Alikufa mwaka wa 1877, na Catharine mwaka wa 1881.

Nyumba ya Newport iligeuzwa hoteli kwa muda. Mwaka wa 1967 jimbo la Indiana liliinunua, ikatengenezwa, na tangu 1970 watu huitembelea, hupanda ngazi na kuinama waangalie ule mlango mdogo nyuma ya kitanda.

Kaburi la Levi lilikaa miaka mingi bila jiwe la jina. Mwaka wa 1902, miaka 25 baada ya kifo chake, watu weusi wa pale walisimamisha nguzo ya ukumbusho juu yake. Hakuna aliyewaamuru kufanya hivyo.

Ndugu msomaji, aliyepokelewa hasahau. Vita vitakwisha siku moja, na watoto waliolala kwenye mkeka wa sebule yako watakuwa watu wazima, wengine viongozi. Watasimulia nini juu ya mlango wako?

Tunawatakia mazungumzo mema. Amani ikae katika kila nyumba.